Hamali wa Figo

Gari lilikuwa limeshavuka daraja la Korogwe, na Ndunguru hakugeuka kutazama nyuma. Hamali haagi. Ndiyo mila ya kazi yao. Mgonjwa akishakojoa mwenyewe, mipira inachomolewa, hamali anavaa viatu vyake na kuondoka wakati mgonjwa amelala au anaogeshwa. Wale wa mwanzo waliokuwa wakiaga, wakikumbatiana na watu na kuahidi kurudi sikukuu, hawakudumu kazini. Mtu hawezi kuwa na ndugu kila stendi.

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Magari ya wagonjwa yalikuwa yameacha kuwa na madereva tangu zamani, na Ndunguru aliyekuwa na tabia ya kukisemesha kile kiti alishaiacha. Mkonge ulipita pande zote mbili, safu baada ya safu, kama watu waliosimama wakingoja kuitwa.

"Umelala vizuri, Ndunguru?" ikauliza Zamu sikioni mwake.

"Nimelala."

"Damu yako imerudi sawa. Figo zako ni nzima, nzuri kuliko za kijana. Tunakwenda Muheza."

Zamu haikuwa mtu. Ilikuwa mtambo uliokaa mahali ambapo hakuna hamali aliyewahi kupaona, ukijua kila figo iliyolala kuanzia milima ya Lushoto mpaka Pangani, na kila hamali aliye na nafasi. Ilikuwa na sauti ya mwanamke wa makamo asiyechoka. Wagonjwa walimwita Ndunguru "mzee", au "hamali", au hawakumwita kabisa. Aliyekuwa akilitamka jina lake ni Zamu tu, na yeye alikuwa akiisubiri asubuhi kama mtu anavyosubiri chai.

"Nani huyo wa Muheza?"

"Kilua. Mwanamume wa makamo, fundi wa kubebesha michungwa. Ana kidingapopo, ile aina ya tano. Viungo vilimuuma akaenda dukani, akameza vidonge vya maumivu kabla hajapimwa."

"Wanameza wote."

"Mkojo wake ulitoka wa rangi ya chai kavu, kisha ukakoma. Yuko nyumbani kwa mama yake."

"Na baada ya huyo?"

"Maramba. Binti anaitwa Mwanjaa. Anapelekwa kwenye mashine Tanga, mara moja moja, akipata nafasi. Anaweza kukusubiri kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Zamu haikutaja siku. "Kidogo," ikasema.

*

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, upande wa barabara iendayo Amani, na shamba la michungwa lilianzia ukutani pale pale. Barazani kulikuwa na fungu la machungwa lililofika magotini. Ya chini yalikuwa yameanza kuoza, na nzi walishapata habari.

"Hiyo ni mikono ya wageni," alisema Stumai, fundi wa utando, akitokea mlangoni na kilemba chake cha kijani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka, mzaliwa wa Pangani, na yeye na Ndunguru walikuwa wameshafanya kazi pamoja katika nyumba nyingi. "Nimewakataza kuingia nayo ndani. Lakini mtu wa Muheza atakuja kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu? Basi wanayamwaga hapo. Shikamoo, mzee. Umekonda."

"Marahaba. Wewe umenenepa."

"Ndoa hiyo. Ingia."

Kilua alilala chali, uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari. Miguu yake ukiibonyeza kidole, shimo lilibaki. Ndivyo kidingapopo cha tano kilivyofanya. Kwanza homa na mifupa kuuma, kama vile vinne vilivyotangulia. Kisha homa inashuka, watu wanashukuru Mungu, na hapo ndipo mishipa inaanza kuvuja. Maji ya damu yanatoka na kwenda kukaa tumboni na mapafuni, presha inaanguka, na figo zikikosa damu ya kuchuja zinajizima. Hazifi, zinalala. Mtu akiweza kuvushwa kipindi hicho, nyingi huamka zenyewe. Lakini mashine za zamani za kusafisha damu zilitaka maji safi mapipa kwa mapipa kwa mgonjwa mmoja, na maji safi ndiyo yaliyokuwa yameadimika. Ndipo wakaja mahamali.

Kando ya kitanda aliketi mama yake Kilua, Bi Mashavu, kikongwe mwembamba aliyejifunga kanga kiunoni kama mtu anayetaka kwenda shamba. Alimtazama Ndunguru kuanzia viatu mpaka mvi.

"Ndiye huyu? Nilidhani wataleta kijana."

"Kijana wa nini, mama," Stumai alijibu, huku akiweka kisanduku chake katikati ya vitanda viwili. Hakikuwa kikubwa kuliko tofali. "Figo haina mvi. Sasa nisikilize, na wewe ndiye mwenye nyumba. Damu ya mwanao itapita upande huu wa utando, ya mzee huyu upande ule. Hazitachanganyika hata tone. Ni uchafu tu utakaovuka, maana uchafu hupenda kwenda mahali pasafi."

"Kama binadamu."

"Kama binadamu. Mzee atakojoa mkojo wa watu wawili mpaka figo za mwanao ziamke. Ila kuna mwiko. Machungwa, ndizi, madafu, visiingie humu. Vina kitu kinaitwa potasiamu. Figo iliyo macho inakitoa. Figo iliyolala inakiacha kwenye damu, na kikizidi moyo unasimama. Hauanzi kwa kuchechemea, mama. Unasimama kama redio iliyokatiwa umeme."

"Nimesikia."

"Nyumba ikivunja mwiko, hamali anaondolewa siku hiyohiyo. Siyo kukomoana. Kila anachokunywa mgonjwa, na huyu anakinywa, naye hakuugua."

Bi Mashavu alifikiri. "Na hamali akila yeye?"

Stumai alicheka. "Unauliza kama wakili! Akila yeye, mgonjwa hana kosa. Anamalizia mzigo alionao, kisha anavuliwa pete, hagusi tena mtu."

Ndunguru alikuwa ameshalala kitandani, shati limefunguliwa. Katika kidole chake cha shahada pete ilitoa mwanga wa kijani. Pete ndiyo iliyosoma damu yake na kuipelekea Zamu. Stumai aliunga mipira. Kisanduku kikaanza kunguruma kama paka, na baada ya muda Ndunguru akaipata ladha aliyoijua, ladha ya msumari chini ya ulimi. Ilikuwa ladha ya mtu mwingine.

*

Uvimbe wa Kilua ulipungua, macho yakafunguka, na yalipofunguka tu mdomo nao ukafunguka.

"Mzee, wewe ni mlimau," alisema.

"Mlimau?"

"Hujui kubebesha? Wee umetembea bure. Chungwa tamu ukilipanda mbegu, mti unaumwa mizizi, unakufa. Kwa hiyo tunapanda mlimau, maana mlimau ni mgumu, haujali udongo. Ukifika unene wa kidole tunaupasua gome, tunachomeka jicho la mchungwa, tunafunga nailoni. Jicho likishika, mlimau tunaukata kichwa. Kuanzia hapo unafanya kazi chini, chungwa linakula juu."

"Na limau lenyewe?"

"Limau gani tena? Nani alishawahi kula chungwa akauliza habari za mlimau?" Kilua alicheka mpaka kisanduku kikalalamika kwa mlio, na Bi Mashavu akampiga kofi dogo la begani.

"Usimtukane mgeni anayekukojolea!"

Huo mkojo ndio uliokuwa saa ya nyumba. Ndunguru alikunywa maji jagi baada ya jagi na kujaza kopo lake, na watu wa nyumba walilitazama kopo lake kwa heshima. Kopo la Kilua lilikaa kavu chini ya kitanda. Kila asubuhi Bi Mashavu aliliinamia, akalitikisa, akalirudisha bila neno. Barazani wageni waliuliza kwa sauti ya chini, "Bado?" na yeye alijibu, "Bado."

Alikuwa akimpangusa Kilua uso kwa kitambaa cha maji, kisha anakisuuza na kumpangusa Ndunguru. Mara ya kwanza Ndunguru alijivuta pembeni. Hakuwa amezoea. Mara ya pili akafumba macho akaacha.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Mbinga, mama. Zamani."

"Na jina lako?"

Alimwambia. Akalirudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi: "Ndunguru." Kisha akauliza, "Na kitovu chako kilizikwa wapi?"

Swali hilo hakuna mgonjwa wala nduguye aliyewahi kumuuliza. "Sijui. Mama alikufa mapema. Sikubaki na wa kumuuliza."

Bi Mashavu aliguna kwa huruma, akanyoosha kidole dirishani. Nyuma ya jiko kulikuwa na mnazi mmoja, mrefu, umepinda kidogo kama mtu anayesikiliza. "Cha huyu kiko pale. Baba yake alichimba shimo siku ya arobaini, kitovu chini, nazi juu. Ukame ule mkubwa minazi ya Muheza ilikatika vichwa yote. Huo haukutikisika."

Ndunguru alikaa akiutazama ule mnazi muda mrefu.

Simu ya Mwanjaa ilikuja wakati wa alasiri. Zamu iliruhusu wanaosubiri kuongea na mahamali wao, ilisema huwapa nguvu. Sauti ilikuwa ya binti wa shule, yenye pumzi fupi.

"Shikamoo baba hamali. Mimi ndiye mzigo wako unaofuata."

"Marahaba. Una kilo ngapi?"

"Nilikuwa mwembamba. Sasa nimevimba, nimekuwa mrembo, mjomba anasema atanipatia mchumba wa Kimombasa." Akapumzika kidogo. "Huyo wa hapo ameshakojoa?"

"Bado."

"Mwambie ajitahidi. Mwambie kuna foleni."

Ndunguru alimwambia. Kilua akajibu kwamba yeye siyo bomba la manispaa. Binti alisikia, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu chenye maji.

*

Moyo wa Ndunguru uliruka akiwa anakunywa maji. Ulikaa kimya kwa kitambo kilichozidi kawaida, kisha ukapiga kishindo kimoja kama mlango. Miguu ilikuwa mizito kwa namna asiyoijua. Alitazama kidole chake. Pete ilikuwa njano.

"Ndunguru," ilisema Zamu, "potasiamu yako inapanda. Nimemwita Stumai. Yuko njiani."

Kilua alikuwa amelala. Bi Mashavu aliketi na bakuli la uji mwepesi, akisubiri aamke. Ndunguru aligeuza kichwa.

"Mama, nionjeshe huo uji."

"Uji wa mgonjwa huu, hauna hata sukari."

"Nionjeshe tu."

Mkono wa kikongwe ulisita hewani. Mwishowe akamtilia kijiko mdomoni. Ulikuwa uji wa mchele, na chini ya mchele kulikuwa na utamu mdogo wenye chumvi, utamu usiofanana na kitu kingine chochote duniani.

"Dafu," alisema Ndunguru.

Hakukana. Aliliweka bakuli mapajani. "La mnazi wake. Siyo la sokoni, ningekuwa mwendawazimu. Mtu wetu akiugua hurudishwa kwa mnazi wake. Bibi yangu alifanya hivyo, na bibi yake. Nimempikia uji kwa maji yake tangu juzi, na tazama, amefungua macho, anaongea upuuzi wake. Hukuona?"

"Fundi si alikataza?"

"Alikataza kwa sababu figo zimelala. Lakini wewe zako si ziko macho?" Alisema kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Nilifikiri hivi: mwanangu anachukua nguvu ya mnazi, na kile kibaya wewe unakimwaga kwenye kopo. Si ndiyo kazi yako? Ningempa bila wewe kuwepo ningekuwa muuaji. Nilingoja uje ndipo nikampa."

Hesabu ile ilikuwa karibu na kweli, na kosa lake lilikuwa mahali padogo tu. Utando ulivusha polepole. Figo zake, kwa uzuri wake wote, zilikuwa mbili.

"Moyo wangu umeruka, mama," alisema. "Na wa Kilua utaruka. Usimpe tena hata tone."

Bi Mashavu alimtazama mwanawe, kisha pete. Aliinuka, akamwaga uji dirishani, akarudi akasimama katikati ya chumba na bakuli tupu, hajui pa kuliweka.

"Watakuondoa?"

Barazani sauti za wageni zilisikika, na pikipiki ya umeme ya Stumai ikiegeshwa.

*

Stumai hakusalimia. Alishika mkono wa Ndunguru, akatazama pete, akafungua kisanduku. Nyuma yake wageni wawili watatu walijaa mlangoni.

"Pande zote mbili," alisema. "Imepanda kwa mgonjwa, imepanda kwa hamali. Ndoo mbili zimeunganishwa kwa mpira, nazikuta zote zina chumvi, sasa mimi nitajuaje ilitiwa wapi? Nitauliza, basi. Nani amekula nini?"

Kisanduku kiliendelea kunguruma. Bi Mashavu alifungua mdomo. Ndunguru aliona midomo ikitafuta neno, na akajua neno lile likitoka litafanya nini. Mipira itachomolewa sasa hivi, jioni ileile. Gari lingekuwa Maramba kabla jua halijazama. Mwanjaa angepumua. Na kopo lililo chini ya kitanda cha Kilua lingebaki kavu mpaka mwisho.

Angelizuia neno hilo, mambo yangegeuka. Huyu angebaki na mlimau wake. Yule wa foleni asingempata.

Alijaribu kuwapima. Hamali hujifunza kupima mizigo kwa macho. Lakini mmoja alikuwa sauti, na mwingine alikuwa hapa, ladha yake chini ya ulimi, pumzi yake ikipanda na kushuka kiasi cha mkono mmoja kutoka kwake. Na kulikuwa na kile kitambaa cha maji.

"Mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Nimekunywa dafu. Liliachwa dirishani na wageni. Nilisikia kiu."

Mlangoni mtu alipiga yowe. "Hamali mlafi wewe! Tumbo lako ndilo limekuleta hapa?"

"Mtoto wa watu anakufa, yeye anateremsha madafu kama bwana harusi!" alisema mwingine.

Stumai hakupiga kelele. Alisogea karibu mpaka kilemba chake kikamkinga Ndunguru na wageni wale. "Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "kule Pangani ulikaa miezi ukipumzika, kila nyumba ilikupa dafu, hukuwahi kumaliza hata moja. Uliniambia linakutia kichefuchefu."

"Mtu hubadilika."

Stumai aligeuka akamtazama Bi Mashavu. Kikongwe alikuwa amelikumbatia bakuli kifuani. Alimtazama mwanawe tu, na mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa.

"Ndunguru," ilisema Zamu sikioni, kwa sauti ileile ya upole. "Nimesikia kauli yako. Nikiipokea, utamaliza mzigo huu kisha pete itafungwa. Safari ya Maramba itafutwa. Kwa sasa sina hamali mwingine wa karibu. Una hakika?"

"Tafuta mwingine."

"Natafuta. Una hakika?"

Alifumba macho. "Nina hakika."

"Imepokelewa."

Stumai aliwachoma wote wawili sindano ya kuutuliza moyo, akaongeza kasi ya kisanduku, akafukuza watu mlangoni kwa maneno ambayo mama yake asingependa kuyasikia. Pete ilikaa njano muda mrefu, kisha ikaanza kurudi kijani.

*

Tangu hapo nyumba ilimhudumia Ndunguru bila kumsemesha. Maji yaliletwa, kopo lilimwagwa. Binamu mmoja wa Kilua aliwekwa kwenye kiti mlangoni kumlinda asile. Kilua mwenyewe, alipoelezwa, alicheka kidogo, akasema, "Mlimau umetaka kuzaa," kisha akageukia ukutani. Bi Mashavu alikuja kumpangusa mwanawe uso kila asubuhi. Kitambaa alikisuuza, akakianika. Hakumkaribia Ndunguru wala hakumtazama machoni, na ilikuwa dhahiri kwamba hakufanya hivyo kwa chuki.

Mwanjaa alipiga simu mara moja zaidi.

"Baba hamali, wanasema huji. Umeugua?"

"Sijaugua. Nimefukuzwa."

"Umefanya nini?"

"Nimekunywa dafu."

"Dafu tu?" Alivuta pumzi kadhaa. Zilikuwa fupi sana sasa, kama za mtu anayepanda mlima. "Jamani, wewe nawe. Ungeningoja tungekunywa wote." Halafu akasema, "Basi, wataleta mwingine. Usijali." Akakata simu.

Kilua alikojoa asubuhi moja watu wakinywa chai. Kilisikika kitu kidogo sana, mchirizi kwenye bati la kopo, na binamu wa mlangoni akasimama kama aliyesikia wimbo wa taifa. "Anakojoa!" Bi Mashavu alikuja mbio kutoka jikoni. Aliliinua kopo kwenye mwanga wa dirisha. Halikuwa na zaidi ya kikombe cha kahawa, mkojo wa rangi ya majani makavu. Akapiga kigelegele. Jirani akakipokea, na jirani wa jirani, mpaka vigelegele vikavuka shamba la michungwa na watu waliokuwa barabarani wakauliza harusi ni ya nani.

Siku zilizofuata figo ziliamka kama watu walioamka na hasira, mkojo ukamwagika bila kipimo. Stumai alichomoa mipira wakati Kilua anaogeshwa. Alivua pete kidoleni kwa Ndunguru kwa kuizungusha taratibu, na ilipotoka iliacha alama nyeupe.

"Ningeweza kusema," alisema Stumai. "Hata sasa. Lakini nikisema leo, haitamsaidia yule wa Maramba."

"Ndiyo. Acha."

Ndunguru alivaa viatu. Alingoja Zamu imwambie gari liko wapi, na hapo ndipo alipousikia ukimya wa sikio lake. Hakukuwa na gari. Alichukua mfuko wake, akapita barazani, akaruka fungu la machungwa ambalo sasa lilikuwa la nzi tupu.

Nyuma ya jiko Bi Mashavu alikuwa amesimama chini ya mnazi, mkono mmoja juu ya shina. Alimwona akishika njia.

"Ndunguru!" aliita.

Ilikuwa sauti ya mtu, siyo ya mtambo, ikilitaja jina lake lote. Hatua zake zilipungua. Lakini hamali haagi, na miguu yake ilikuwa imezoea kazi hiyo kuliko yeye. Aliendelea mpaka barabara kuu.

*

Kilua alipona. Anabebesha miche mpaka leo, na mwaka mara moja anapimwa figo. Huwasimulia wanafunzi wake kisa cha hamali mlafi, nao hucheka.

Bi Mashavu alikufa mwaka uliofuata, wakati wa vuli. Kabla ya kufa aliagiza madafu ya ule mnazi yasinywewe na mtu. Hakueleza sababu. Wanawe walilichukulia kama neno la uzee, wakayaacha yaanguke yenyewe. Chini ya mnazi kumeota minazi mingine midogo, imesongamana.

Stumai anafundisha mafundi wa utando Tanga mjini. Anapofika kwenye mwiko wa madafu hueleza habari za ndoo mbili. Kisa cha Muheza hakitaji.

Zamu ilipata hamali mwingine Same. Alifika Maramba jioni, wakati watu wanarudi kutoka kumzika Mwanjaa. Mjomba alimkaribisha chakula, akala, akaondoka.

Ndunguru alionekana Handeni, kisha Kibaya, kisha Kondoa. Sasa yuko Singida, anapakia magunia ya vitunguu kwenye malori. Ana nguvu kwa umri wake na hagombani na mtu. Watu wa pale stendi wanamwita Mzee. Jina lake hakuna aliyemuuliza.